Daftari Kwanza, Sanduku Baadaye

Mche wa sabuni ulibaki kwenye benchi. Niliuona jioni, baada ya turubai kushushwa na viti vya plastiki kurudishwa kanisani tulikoviazima, nikadhani mzee ameusahau. Sukari na unga vilikuwa vimeondoka, maana mjukuu wake ndiye aliyevibeba. Sabuni ilikuwa imewekwa vizuri juu ya karatasi ya ratiba, katikati kabisa ya benchi, kama mtu anavyoweka kitu anachotaka kionekane.

Ilikuwa tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, miaka kadhaa iliyopita. Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari ya kata huku Muleba, mkoani Kagera, na shughuli ile niliipanga mimi. Niliwaambia wanafunzi wachange, huyu 200, yule 500, tumpe zawadi mzee wa kijiji cha jirani aliyepigana vita vya 1978. Wakachanga. Tukaandaa ngonjera na kwaya. Mgeni rasmi akachelewa saa mbili nzima. Mzee alikaa juani, kofia mkononi, kwa sababu turubai liliwatosha viongozi tu. Zamu yake ilipofika, mshereheshaji wetu, mwanafunzi wa kidato cha nne, akasema, "Sasa tumkaribishe mzee wetu huyu." Akasimama, akakabidhiwa vitu kimoja kimoja huku simu zikimpiga picha, akaketi. Haikufika hata dakika tano.

Kesho yake nikampelekea sabuni nyumbani. Nilimkuta migombani, anakata majani makavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Karibu."

"Jana ulisahau sabuni yako."

"Sikuisahau." Akaendelea kukata jani moja, la pili, kisha akaweka panga chini. "Mmeniita mbele ya watoto mkanipa sabuni, mwalimu, kama mtu aliyekuja kwenu amechafuka. Na hakuna aliyeniuliza hata jina."

Hakusema kwa hasira. Alinikaribisha ndani, mke wake akanichemshia chai, tukaongea habari za mvua na kahawa. Lakini niliporudi nyumbani sikulala. Mimi ninayefundisha historia niliipandisha historia yenyewe jukwaani na sikuiuliza neno.

Jina lake sitaliandika hapa. Yeye mwenyewe ameniomba hivyo: watoto wanalijua, inatosha.

Tangu siku ile kuna swali nimelibeba, nimelipeleka kanisani na darasani, nimelipeleka hata kwa mwalimu mwenzangu anayefundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, ambaye kwa hekima yake sote tunamwita Ustadhi. Swali ni hili: tunapomheshimu mtu aliyetupigania, tunafanya nini hasa? Tunampa kitu, au tunamrudishia? Na mtoto wa miaka kumi na sita, ambaye hata wazazi wake hawakuwa wamezaliwa vita vikipiganwa, anaingiaje katika hesabu hiyo?

Mimi ni Mlutheri. Nimezikariri Amri Kumi tangu nikiwa mdogo, na amri ya kuwaheshimu baba na mama niliifahamu kama amri ya adabu: usimjibu mzazi, amkia, pokea mzigo. Nikiwa chuo cha ualimu mchungaji mmoja alituambia jambo ambalo lilinikaa. Neno la Kiebrania lililotumika katika amri ile linatokana na uzito. Kumheshimu mtu ni kumhesabu kuwa mzito, ni kumpa uzito wake. Nasi katika Kiswahili tunasema fulani ni mtu mzito, na maneno ya mtu asiyeheshimiwa tunayaona mepesi. Nilipomsimulia Ustadhi hayo aliongeza la kwake: neno letu heshima tumelipata kwa Waarabu, na huko asili yake ina maana ya haya, ile soni inayomfanya mtu ajizuie mbele ya mwenzake. Nikayaweka mawili hayo pamoja, uzito na haya. Katika sherehe yangu ya Julai hakikuwepo hata kimoja. Mzee alikuwa mwepesi kiasi cha kuinuliwa na kuwekwa juani, na sisi hatukuona haya.

Kuna kisa katika Injili ya Marko, sura ya saba, ambacho nilikuwa nimekisoma mara nyingi bila kukielewa. Yesu anawakemea watu waliopata njia ya kuikwepa amri hiyohiyo kwa kutumia dini. Mtu alikuwa na mali ambayo ingewafaa wazazi wake. Akitamka kwamba mali ile ni Korbani, yaani imewekwa wakfu kwa Mungu, basi baba na mama hawakuwa na dai tena. Sadaka ikawa ukuta kati ya mtoto na mzazi. Zawadi yangu ilikuwa ya namna hiyo. Nilitoa kitu ili nisidaiwe kingine. Mzee alikuwa anatudai masikio, nasi tukampa sukari.

Ustadhi aliniambia tatizo langu limeanzia kwenye neno. "Umeita sadaka," alisema, "na hili ni deni." Akanikumbusha kwamba katika Uislamu mirathi haigawanywi mpaka wasia na deni la marehemu vitolewe kwanza, iko wazi katika Sura An-Nisaa. Akanisimulia hadithi ya jeneza lililoletwa mbele ya Mtume ili aliswalie. Akauliza kama marehemu ana deni. Alipoambiwa analo, akawaambia maswahaba wamswalie wao, naye hakusogea mpaka swahaba mmoja, Abu Qatada, alipojitwika deni lile. Deni ni zito kiasi hicho. Sadaka ni jambo jema, lakini mtoaji ndiye anayechagua ampe nani, lini na kiasi gani. Mdaiwa hachagui. Tena anayepokea sadaka hushukuru, ilhali mdai hana sababu ya kushukuru, yeye anahesabu. Sasa fikiria mtu unamwita mdai wako mbele ya kadamnasi, unamlipa sehemu ndogo ya haki yake, kisha unangoja akushukuru huku ukimpiga picha. Qurani, katika Al-Baqara, inaonya kwamba hata sadaka ya kweli hubatilika ikifuatwa na masimbulizi na maudhi. Itakuwaje masimbulizi juu ya deni?

Nami deni lenyewe nalijua, maana nilikuwepo. Mwaka 1978 nilikuwa na miaka minane. Mkoa wetu wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi. Jina la Kagera ulipewa baada ya vita. Mwishoni mwa Oktoba majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka, yakaishika ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, yakalilipua daraja la Kyaka, na Amin akatangaza kwamba nchi ile sasa ni yake. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa, na mtu wa rika langu huku kwetu hawezi kuyasahau mambo matatu aliyosema tunayo: sababu, nia na uwezo. Ninachokumbuka mimi zaidi ni miguu. Watu wa kule mpakani walipita barabarani siku nzima, miguu myekundu kwa vumbi, wengine wana mbuzi, mmoja ana cherehani kichwani. Walilala madarasani kwetu. Mama alikata mikungu miwili ya ndizi, mmoja kwa ajili yao na mwingine wa askari, akaniambia niuburute hadi barabarani. Ndivyo ilivyokuwa nchi nzima: ng'ombe, mahindi, fedha, malori ya watu binafsi, vyote vilikwenda. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 50,000 likavuka 100,000 kwa kuingiza polisi, magereza, vijana wa JKT na mgambo. Yule mzee alikuwa mgambo. Alikuwa na miaka ishirini na mke mchanga, akachukuliwa, akafundishwa kwa haraka, akabebeshwa masanduku ya risasi. Alikwenda kwa miguu, kama walivyokwenda wengi wao, hadi Kampala, ambayo ilianguka Aprili 1979. Vita vilipokwisha alirudi kwenye migomba yake. Pensheni hana.

Alikwenda badala ya nani? Badala ya mama yangu, badala yangu, badala ya watoto ambao wangezaliwa. Mwanafunzi wangu anayesema Kiswahili darasani Muleba, akivaa sare ya shule ya Tanzania, anakula tunda la mti ambao hakuupanda. Hilo peke yake halimfanyi awe na kosa. Linamfanya awe mrithi, na mrithi hurithi shamba pamoja na deni lake.

Wapo waliokopwa hivyo na hawakulipwa kabisa. Pale Dar es Salaam, Mtaa wa Samora, kuna sanamu ya askari wa shaba ameshika bunduki yenye singe, anaelekea bandarini. Waingereza waliizindua mwaka 1927 kwa ajili ya Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, askari pamoja na wapagazi. Maandishi yake yalitungwa na Rudyard Kipling, na yanaahidi kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Nilisimama pale na mwanangu nikamwambia atafute jina moja. Alizunguka mara mbili. Hakuna. Ahadi ya jina imeandikwa, majina hayakuandikwa. Na wapagazi ndio waliokufa zaidi, karibu 95,000 kwa hesabu ya upande wa Waingereza pekee, kwa njaa, malaria na kuhara, huku mizigo ikiwa kichwani. Kariakoo imepata jina lake kwa kikosi chao. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miaka mia moja ilipita kabla ya kukiri hivyo, na wana walioahidiwa kukumbuka walikuwa wamekwisha kufa nao.

Ninaposoma hayo siwezi kuwalaumu Waingereza peke yao. Mimi mwenyewe nilimwita mtu aliye hai, anayekaa kilomita nne kutoka shuleni, nikamtambulisha kwa neno "huyu".

Mwaka uliofuata tukaanza upya, na tukawekeana sharti na kidato cha tatu: daftari kwanza, sanduku baadaye. Hakuna shilingi itakayokusanywa kabla ya mtu kujua anamkusanyia nani na kwa nini. Tulitafuta wazee wa vita waliobaki katika vijiji vya jirani, tukawapata saba, na wajane wanne. Wanafunzi walikwenda wawili wawili, siku ya Jumamosi, baada ya kuomba ruhusa ya wazee wenyewe. Walitakiwa kuandika jina kamili, mahali mzee alipozaliwa, alichokuwa akifanya siku alipoitwa, na jina la mtu mmoja aliyekwenda naye asirudi. Swali hilo la mwisho lilipendekezwa na binti mmoja mkimya ambaye sikuwahi kumsikia akiinua mkono.

Mzazi mmoja alinifuata shuleni akaniambia, "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome, sijamleta achangishwe." Alikuwa na haki. Tangu 2016 elimu ya sekondari ya serikali hadi kidato cha nne haina ada, na michango ya lazima imepigwa marufuku, kwa sababu nzuri: tumewaona watoto wakirudishwa nyumbani kwa kukosa 2,000. Nilimweleza kwamba hatutamwomba mzazi hata senti. Lakini maneno yake yalinisaidia kuona jambo jingine. Mara ya kwanza, mtoto aliyetoa 500 alikuwa ametoa ya baba yake. Hakuwa amelipa chochote. Alikuwa tarishi.

Sasa nifike kwenye siku ninayotaka msomaji aione.

Mzee wa sabuni alikubali kupokea wanafunzi kwa sharti kwamba nami niwepo. Tulikaa nje, chini ya mti wa mkuyu, yeye kwenye kigoda, watoto kwenye mkeka. Alisimulia vizuri, akicheka hapa na pale: jinsi walivyolala wamesimama kwenye matope, jinsi mwenzake mmoja alivyokuwa akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti mbaya mpaka wakamwomba anyamaze. Huyo ndiye hakurudi. Alilitaja jina lake, na mvulana aliyekuwa akiandika akaliandika. Kisha mvulana huyohuyo, bila kuinua macho kutoka kwenye daftari, akauliza:

"Babu, uliua?"

Nikataka kumkatiza. Mzee akaniinulia kiganja, nikanyamaza. Akaomba maji. Mjukuu akaleta kikombe cha bati, mzee akanywa taratibu mpaka mwisho, akakigeuza kudondosha tone lililobaki, akakiweka chini. Kuku walikuwa wanaparua karibu na miguu yake. Nilidhani hatajibu.

"Hilo namjibu Mungu kila jioni, mjukuu wangu," alisema. "Wewe andika kwamba umeuliza."

Mvulana akaandika. Ukurasa ule ninao. Juu kuna swali, maneno mawili tu, na chini yake, kwa mwandiko wa mtoto anayeshindwa kunyoosha mstari: *Nimeuliza. Babu anamjibu Mungu kila jioni.*

Njiani wakati wa kurudi yule mvulana alikuwa na wasiwasi. Aliniuliza kama amekosa adabu. Mwenzake akauliza swali gumu zaidi, ambalo najua liko mioyoni mwa waumini wengi na halisemwi Siku ya Mashujaa: amri inasema usiue, sasa sisi tunamheshimuje mtu kwa jambo analoliungama kila jioni?

Sikuwa na jibu njiani. Nadhani ninalo sasa, na ndilo ninalotaka kulisema hasa.

Mtu akikutuma sokoni, unachonunua ni chake, hata kama mikono iliyobeba ni yako. Yule mzee hakuondoka nyumbani kwa hamu yake. Tulimtuma. Mama yangu alimtuma kwa mkungu wa ndizi, taifa lilimtuma kwa redio. Alichofanya huko, chema na kigumu, alikifanya kwa niaba yetu, na kwa hiyo kile kinachomlaza macho wazi ni chetu pia. Tunapomwita shujaa, tukapiga makofi na kurudi nyumbani, tunamwachia mzigo wote peke yake: sisi tunachukua ushindi, yeye anabaki na usiku. Heshima kwa maana ile ya uzito ni kusogea na kushika upande mmoja wa mzigo. Simaanishi kwamba tunasifu kuua. Mtu anaweza kuamini, kama ninavyoamini, kwamba vita vile vilikuwa vya haki, na bado akajua kwamba hata katika vita vya haki kuna mtu wa Uganda, mtoto wa mama fulani, ambaye hakurudi kwao. Mzee anamkumbuka mtu huyo katika sala zake. Sisi tuliomtuma tulikuwa hatujui hata kama kuna cha kuombea.

Ndiyo maana nasema kujifunza huja kabla ya kutoa. Uzito haupiti kwenye bahasha. Unapita kwa mdomo, kwenda sikioni, kwenda kwenye daftari la mtoto asiyejua kunyoosha mstari. Yule mvulana alipouliza lile swali alilofikiri ni utovu wa adabu, alikuwa mtu wa kwanza katika miaka arobaini na zaidi kushika upande wa pili. Mzee alilijua hilo. Ndiyo maana hakusema "nyamaza", alisema "andika".

Sipuuzi sherehe za taifa. Kila 25 Julai ninapomwona kiongozi wa nchi akiweka mkuki na ngao kwenye mnara, na wengine wakiweka upinde na mshale, shoka, na shada la maua, nasisimka kama Mtanzania mwingine yeyote. Hapa Muleba tuna Kaboya, wanakopumzika wanajeshi waliokufa katika vita vile, na ni haki pawe na gwaride na tarumbeta. Taifa kubwa haliwezi kumuuliza kila mtu jina lake, linahitaji mnara. Shule inaweza. Shule iko kilomita nne.

Fedha zilikuja Novemba, na zilikuja zenyewe, zikiruka. Msimu wa senene ulikuwa mzuri mwaka ule. Ninyi wa mikoa mingine mtanisamehe, lakini asiyejua senene hajui furaha ya Mhaya. Wanafunzi waliamka alfajiri, wakaokota kwenye nyasi zenye umande kabla jua halijawapa senene nguvu za kuruka, wakaja nao shuleni kwenye ndoo. Baada ya vipindi walikaa barazani wakinyonyoa mbawa na miguu, vidole vikawa vya kijani. Mtoto ambaye nyumbani kwao hawana hata shilingi mia aliokota wengi kuliko wote. Tuliuza wabichi kwa kopo na waliokaangwa kwa kikombe, sokoni na kituo cha basi. Mnunuzi aliyeuliza fedha ni za nini aliambiwa jina la mzee, jina kamili, na kijiji chake, na siku alipoitwa vitani. Baadhi walinunua mara mbili. Mwanamke mmoja hakununua. Alikaa chini kwenye ukingo wa mtaro akasema baba yake naye alikwenda, akawapa watoto jina la kuongeza.

Tulipata 336,000. Kadi ya bima ya afya ya jamii, CHF iliyoboreshwa, wakati huo ilikuwa 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Wazee saba na wajane wanne: 330,000. Zilizobaki zilikuwa nauli ya bodaboda kufuatilia uandikishaji. Wazee wenyewe ndio waliotuambia wanachohitaji, maana safari hii tuliwauliza. Hakuna aliyetaja sabuni.

Hatukuita mgeni rasmi. Wanafunzi walikwenda tena wawili wawili, bila simu, wakiwa na bahasha. Ndani yake kulikuwa na kadi na barua ya ukurasa mmoja, imeandikwa kwa mkono, inayoeleza walichojifunza kwa mzee yule. Mwanzoni nilitaka barua iwe na maneno ya kumtakia heri, watoto wakakataa. Walisema mdaiwa anapolipa huandika anachodaiwa.

Kwa mzee wa sabuni nilikwenda nao. Alifungua bahasha, akaitia kadi mfukoni bila kuiangalia. Barua aliisoma. Aliisoma polepole, midomo ikitikisika, akafika mahali akasimama. Akarudia. Akanyoosha mkono.

"Nipe kalamu."

Mvulana akampa. Mzee akaweka karatasi kwenye paja lake, akakata herufi moja, akaandika nyingine juu yake. Lilikuwa jina la mwenzake, yule aliyeimba vibaya. Sisi tulikuwa tumeandika kwa *l*. Ni kwa *r*.

Daftari liko kwenye kabati la ofisi yangu. Lina majina ishirini na matatu, ya waliorudi, ya wasiorudi, ya wajane, na lile la baba wa mwanamke wa kituo cha basi. Wazee wawili kati ya saba tumekwisha kuwazika. Wanafunzi waliimba, na majina yalisomwa bila kukosewa. Aliyekuwa na miaka ishirini wakati daraja la Kyaka linalipuliwa sasa anakaribia sabini au ameivuka. Mwalimu mwenzangu, uwe Muleba, Songea, Tarime au Mtwara, mzee wa namna hiyo yupo karibu na shule yako. Mpeleke mtoto mmoja na daftari kabla ya Julai, na amuulize kwanza jina lake linaandikwaje.